Nilikuwepo: Mashabiki na Kumbukumbu za Bendi Kongwe za Roki

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu waandaaji wa mazungumzo haya, na ninyi nyote wapenzi wa muziki mliojitokeza jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Niliombwa nizungumzie bendi kongwe za roki, nami nikaomba niruhusiwe kuigeuza mada kidogo. Habari za bendi zenyewe zimeandikwa na kuandikwa tena: nani aligombana na nani, nani aliondoka akaanzisha kundi lake, gitaa lipi liliuzwa mnadani. Lakini habari za waliosimama upande wa pili wa jukwaa, yaani wale waliodunduliza fedha za tiketi, wakapanga foleni tangu alfajiri, wakaimba hadi sauti zikawakauka, kisha wakarudi makwao usiku wa manane masikio yakiwavuma, zinapotea kimyakimya kadiri wenyewe wanavyozeeka. Watu hao wana neno lao moja wanalolitamka kwa fahari kubwa: "Nilikuwepo." Jioni hii nataka tulihoji neno hilo, kwa heshima lakini bila kuoneana haya, kama wakili anavyomhoji shahidi wa upande wake mwenyewe.

Nianze na kosa langu, nisije nikaonekana natafuta kibanzi katika jicho la mwenzangu.

Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikisimulia onyesho la kwanza la bendi kongwe nililowahi kuhudhuria. Nilisimulia jinsi taa zilivyozimwa ghafla, jinsi mpiga gitaa alivyotokeza peke yake katika mwanga wa buluu, na jinsi alivyofungua onyesho kwa kibao kile kile ambacho kila mmoja wetu alikuwa amekifuata. Nilisimulia pia jinsi rafiki yangu, aliyesimama bega kwa bega nami, alivyonishika mkono na kulia bila kujificha. Siku moja mtu aliyekuwa amelirekodi onyesho lile kwa kaseti akanipa nakala, nikaketi kuisikiliza kwa hamu ya mtu anayekwenda kuthibitishiwa jambo analolijua. Onyesho lilifunguliwa kwa wimbo mpya ambao sikuwa nao akilini hata chembe. Kibao changu kilipigwa karibu na mwisho, tena baada ya mwimbaji kuzungumza kwa dakika kadhaa mambo ambayo nayo sikuyakumbuka. Nilipompigia simu rafiki yangu, alicheka sana, akaniambia kwamba yeye alihudhuria usiku wa pili, na kwamba usiku wangu mimi alikuwa kitandani akiumwa homa. Hata leo nikifumba macho namwona kando yangu.

Nilifadhaika, lakini baadaye, nilipoanza kuwaketisha mashabiki wenzangu na kuwasikiliza, niligundua kwamba ugonjwa huu ni wa wengi. Wanasaikolojia wameuchunguza kwa njia ambayo haina uhusiano wowote na muziki. Mnamo Januari 1986, asubuhi iliyofuata kulipuka kwa chombo cha anga cha Marekani, Challenger, mwanasaikolojia Ulric Neisser aliwapa wanafunzi karatasi ili waandike walikuwa wapi, walikuwa na nani na walizipataje habari zile. Takribani miaka miwili na nusu baadaye yeye na Nicole Harsch waliwauliza tena maswali yale yale. Wengi walitoa maelezo yaliyopishana vibaya na waliyoyaandika kwa mikono yao wenyewe, na walikuwa na uhakika mkubwa nayo. Walipoonyeshwa mwandiko wao wa awali, kumbukumbu ile ya kwanza haikurudi. Kwa hiyo mtu anapokuambia kuhusu onyesho la mwaka 1972 kwamba analiona kana kwamba ni jana, usimkatalie, kwani kweli analiona. Suala ni kama anachokiona ndicho kilichotokea.

Mji wa Manchester nchini Uingereza una jengo ambalo ningelifanya mahali pa kuhiji kwa kila anayetaka kulielewa jambo hili. Linaitwa Free Trade Hall, na siku hizi ni hoteli. Tarehe 17 Mei 1966, katika ukumbi wake mkubwa, mwimbaji wa Marekani Bob Dylan alitumbuiza nusu ya kwanza kwa gitaa kavu na nusu ya pili kwa gitaa la umeme, akiwa na bendi nzima nyuma yake. Walikuwamo ukumbini watu waliohisi kwamba mwana wao wa nyimbo za kiasili amewauza, na mmoja wao akapaza sauti akamwita Yuda. Sauti ile ilinaswa. Kanda ikaanza kuzunguka kwa magendo ikiwa na maelezo kwamba ilirekodiwa Royal Albert Hall, London, na uongo ule ukazoeleka kiasi kwamba ilipotolewa rasmi mwaka 1998 jalada lililazimika kubaki na jina la Royal Albert Hall ndani ya alama za kunukuu. Na nani aliyempigia Dylan kelele? Zaidi ya mtu mmoja alijitokeza baada ya miaka mingi kudai kuwa ni yeye. Kanda ina koo moja tu, lakini wenye koo hilo wako kadhaa.

Miaka kumi baadaye, katika jengo lile lile, kwenye ukumbi mdogo wa juu, ilipiga bendi changa ya Sex Pistols. Ilikuwa tarehe 4 Juni 1976, na waliohudhuria wanakadiriwa kuwa takribani 40. Walioandaa walikuwa Howard Devoto na Pete Shelley wa bendi ya Buzzcocks. Walikuwepo pia Peter Hook na Bernard Sumner, na Hook alikwenda siku iliyofuata kununua gitaa lake la kwanza la besi. Baada ya muda wawili hao wakawa nusu ya bendi ya Joy Division. Kwa kuwa usiku ule ulizaa mengi, kila mwaka unaopita idadi ya waliokuwepo huongezeka, jambo ambalo ni kinyume cha desturi ya binadamu, ambao kwa kawaida hupungua. Ni rahisi kuwacheka na kuwaita waongo. Mimi sitaki. Sex Pistols walirudi katika ukumbi ule ule tarehe 20 Julai, wiki chache tu baadaye, mbele ya umati mkubwa zaidi. Fikiria kijana aliyeingia usiku ule wa pili, akaona alichokiona, kisha akasikia maisha yake yote watu wakilitaja onyesho la Sex Pistols la Manchester kana kwamba lilikuwa moja tu. Hakuna aliyemshawishi adanganye. Lugha ya watu wengine ndiyo iliyomhamisha kutoka Julai hadi Juni.

Picha za sinema nazo huhamisha watu. Tamasha la Woodstock, lililofanyika shambani katika jimbo la New York mwezi Agosti 1969, lilikusanya umati unaokadiriwa kufikia watu 400,000, na mtu akiulizwa alimwona nani hapo, mara nyingi hujibu kwamba alimwona Jimi Hendrix akiupiga wimbo wa taifa wa Marekani kwa gitaa linalolia kama king'ora. Ratiba ilikuwa imevurugika kwa mvua na ucheleweshaji, na Hendrix, aliyekuwa wa mwisho, alipanda jukwaani asubuhi ya Jumatatu tarehe 18, wakati sehemu kubwa ya umati ilikuwa imeshaondoka kuwahi kazini na makwao. Waliobaki walikuwa makumi ya maelfu tu, wengine wamelala kwenye matope. Filamu ya tamasha hilo ilitoka mwaka uliofuata, ikamweka Hendrix mbele ya dunia nzima. Nadhani wengi waliotoka Woodstock Jumapili usiku walimwona Hendrix katika chumba cha sinema, na miaka ikakishona chumba kile pamoja na shamba lile bila kuacha mshono.

Hapa, waheshimiwa, ndipo mtu mwenye haraka angefunga jalada na kuhukumu kwamba kanda ndiyo yenye kuaminika na shabiki akae kimya. Ningemwomba asubiri, kwa sababu kanda nayo si malaika.

Tarehe 15 Agosti 1965 Beatles walipiga katika uwanja wa Shea, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000. Vikuza sauti vyao vilikuwa vidogo kuliko vile ambavyo leo bendi ya harusi ingekubali, na sauti zao zilipitishwa katika spika za uwanja, zilizofungwa kwa ajili ya kutangazia mechi za besiboli. Onyesho zima lilikuwa la takribani nusu saa. Waulize waliokuwepo, wengi wao wakiwa wasichana waliopiga mayowe tangu mwanzo hadi mwisho, nao watakuambia kitu kimoja: hatukusikia hata wimbo mmoja vizuri. Sasa itazame filamu ya siku ile. Nyimbo zinasikika. Zinasikika kwa sababu mwezi Januari 1966 Beatles waliingia studio London wakarekodi upya sehemu za sauti ili kuziba mapengo. Katika kesi hii shahidi aliyesema "sikusikia kitu" alikuwa mkweli kuliko rekodi.

Na kuna mambo ambayo kanda haiwezi kuyashuhudia hata ikiwa safi kiasi gani. Besi ya bendi kubwa haipokelewi na masikio peke yake. Hupokelewa na mbavu, na meno, na nyayo, na mtu aliyesimama karibu na spika huhisi nguo zake zikitikisika kabla hajajua ni wimbo gani. The Who walipopiga katika uwanja wa klabu ya Charlton, London, tarehe 31 Mei 1976, kitabu cha Guinness kiliwatambua kuwa bendi iliyopiga kwa kelele kubwa kuliko zote, na baadaye kitabu hicho kikaacha kabisa kuorodhesha rekodi za aina hiyo ili kisiwachochee watu kuharibu masikio. Mpiga gitaa wao Pete Townshend mwenyewe amekuwa akieleza kwa miaka mingi jinsi usikivu wake ulivyoathirika. Shabiki aliyerudi nyumbani akiwa na mvumo masikioni kwa siku tatu ana kumbukumbu ambayo haikuandikwa katika akili yake tu. Imechongwa kwenye mwili. Nimekutana na mzee mmoja ambaye ule mvumo haukuondoka kamwe. Aliniambia, kwa utulivu ulionishangaza, kwamba usiku kukiwa kimya bado anaisikia bendi, ila imebaki noti moja.

Sasa naomba mnivumilie nitumie muda mrefu kidogo kwa bendi hiyo hiyo, katika usiku ambao hakuna shabiki anayeutaja kwa fahari.

Tarehe 3 Desemba 1979 The Who walitakiwa kupiga katika ukumbi wa Riverfront Coliseum, Cincinnati, Marekani. Tiketi nyingi hazikuwa na namba za viti; anayetangulia kuingia ndiye anayesimama mbele, na kwa hiyo maelfu ya vijana walikusanyika nje katika baridi kwa saa nyingi, wakiwa wamebanana mbele ya milango michache. Milango ilipofunguliwa, umati ukasukuma, na watu 11 wakafa kwa kukosa hewa katika msongamano. Ndani, wale waliobahatika kupita walichukua nafasi zao, na onyesho likaendelea, kwa sababu wenye mamlaka walihofu kwamba kulisitisha kungeleta msukosuko mwingine. Wanamuziki wenyewe hawakuambiwa mpaka waliposhuka jukwaani.

Mfikirieni kijana aliyekuwa ndani. Kwa saa kadhaa alikuwa katika furaha kamili, pengine furaha kubwa kuliko zote za ujana wake, kisha akatoka nje akakuta taa za magari ya wagonjwa na viatu vilivyotapakaa sakafuni, au alifika nyumbani akamkuta mama yake ameketi karibu na simu. Kumbukumbu yake ilipasuka vipande viwili usiku ule ule. Je, aseme aliona onyesho zuri? Akisema hivyo, anajiona kama mtu aliyecheza ngoma msibani. Akisema lilikuwa baya, anadanganya. Wengi wa waliokuwa ndani walichagua kutolitaja kabisa. Kanda ya usiku ule, kama ipo, ikisikilizwa na mgeni ingekuwa ya bendi iliyopiga mbele ya watu wanaoshangilia, na ndiyo maana nasema kwamba kanda peke yake ingekuwa shahidi mbaya kuliko wote. Maana ya makofi yale inajulikana na aliyeyapiga.

Tupumue kidogo. The Who wana kisa kingine, chepesi zaidi, ambacho wapenzi wengi wa roki wanakijua nusu nusu. Tarehe 20 Novemba 1973, katika ukumbi wa Cow Palace karibu na San Francisco, mpiga dramu Keith Moon alizidiwa na vitu alivyokuwa amevitumia, akaanguka kwenye dramu zake, akatolewa, akarudishwa, akaanguka tena. Townshend akaugeukia umati akauliza kama kuna mtu anayejua kupiga dramu, tena mtu hodari. Kijana wa miaka 19 aitwaye Scot Halpin, ambaye alikuwa hajagusa dramu kwa muda mrefu, alijikuta amesukumwa mbele na rafiki yake, akapandishwa jukwaani, akamalizia onyesho kwa nyimbo tatu. Kila shabiki duniani ameota ndoto hiyo. Kinachonivutia mimi zaidi ni yule rafiki aliyepiga kelele kwamba mwenzake anaweza, kisha akabaki chini. Yeye ndiye aliyeyaona yote kutoka mahali ambapo sisi tungesimama.

Wapo mashabiki ambao hawakuridhika kuiachia akili kazi hii, nao wanastahili kutajwa kwa heshima ya pekee. Grateful Dead wa California walipiga maonyesho yapatayo 2,300 kati ya mwaka 1965 na 1995, bila kulirudia onyesho lolote kwa mpangilio ule ule, na kwa sababu hiyo mashabiki wao walianza kuingia na vinasa sauti. Bendi nyingine wakati huo ziliwanyang'anya watu mashine mlangoni. Grateful Dead waliwaachia, na kuanzia mwaka 1984 wakawatengea sehemu maalumu ukumbini, ambako milingoti ya maikrofoni ilisimama kama mianzi. Sharti lilikuwa moja: watu wabadilishane kanda, wasiziuze.

Kaseti za watu hao ni vitu vya kushikwa mkononi ndipo vieleweke. Kwenye karatasi ya ndani ya kasha, kwa herufi ndogo za mtu mwenye subira, huandikwa mahali, tarehe, orodha ya nyimbo za awamu ya kwanza na ya pili, aina ya maikrofoni, na kizazi cha nakala. Naam, kizazi. Nakala iliyotolewa kwenye kanda ya awali ni kizazi cha kwanza, iliyotolewa kwenye hiyo ni cha pili, na kila kizazi huongeza mchakacho kidogo wa upepo juu ya muziki, hata ukifika cha tano au cha sita unaisikiliza bendi kana kwamba iko upande wa pili wa mvua. Mashabiki walijifunza kupenda hata ule upepo. Onyesho lao la tarehe 8 Mei 1977, katika ukumbi wa Barton wa Chuo Kikuu cha Cornell, lilizunguka hivyo kutoka mkono hadi mkono kwa miongo kadhaa kabla halijatolewa rasmi mwaka 2017, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeliingiza katika hazina yake ya rekodi za sauti za taifa. Hata hivyo, waliokuwepo wakianza kusimulia, mara nyingi huanzia nje: walitoka ukumbini wakakuta theluji inaanguka, katikati ya mwezi Mei. Theluji haimo katika kanda. Kila mwenye kanda anaijua kwa sababu tu waliokuwepo hawakuacha kuitaja.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na kama mtanipinga, nipingeni hapo. Kanda na shabiki ni mashahidi wawili wenye kasoro tofauti, na wote wawili wanapaswa kuitwa kizimbani. Kanda inajua wimbo upi ulitangulia. Shabiki anajua kwamba kulikuwa na theluji.

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu bendi zenyewe zimezeeka na mashabiki wamezeeka nazo. Mtu anayekwenda leo kuwatazama wanamuziki wa miaka sabini au themanini haendi kuona onyesho moja. Huona mawili kwa pamoja, hili lililo mbele yake na lile alilolibeba tangu ujana, na kazi yake usiku kucha ni kuyapatanisha. Mwimbaji hushusha ufunguo wa wimbo kwa sababu sauti haifiki tena kule juu, umati ukajaza noti ile uliyoizoea kwa kuimba wenyewe, na mtu akarudi nyumbani akiapa kwamba mzee bado anaifikia. Sioni udanganyifu katika hilo. Noti ilifikiwa, ilifikiwa na watu elfu ishirini.

Nilisikiliza kwa makini waliohudhuria onyesho la mwisho la Genesis, tarehe 26 Machi 2022, katika ukumbi wa O2, London. Phil Collins, mwimbaji na mpiga dramu wao, aliyekuwa na miaka 71, aliimba akiwa ameketi, kwa kuwa mgongo na neva zake hazikumruhusu tena kupiga dramu, na aliyezipiga ni mwanawe, Nic. Peter Gabriel, mwimbaji wao wa kwanza, alikuwa miongoni mwa watazamaji. Watu waliomwona Collins akipiga dramu katika miaka ya sabini wanasema walijikuta wakimtazama kijana na kumwona baba, kisha wakimtazama baba na kuona kiti. Rolling Stones nao, baada ya mpiga dramu wao Charlie Watts kufariki tarehe 24 Agosti 2021 akiwa na miaka 80, walianza ziara mwezi uliofuata wakiwa na Steve Jordan, na waliifungua kwa jukwaa tupu, mdundo wa dramu ukisikika na picha za Watts zikipita kwenye skrini. Lynyrd Skynyrd walikuwa wamelitafuta jibu lao mapema zaidi. Ndege yao ilianguka tarehe 20 Oktoba 1977 na kumuua mwimbaji Ronnie Van Zant pamoja na wengine. Waliporudi mwaka 1987 mdogo wake Johnny alichukua nafasi, lakini wimbo wao mkuu kwa muda waliupiga bila mwimbaji, kipaza sauti kikiwa kimesimama peke yake kwenye mwanga, na maneno wakaachiwa watu.

Gary Rossington, wa mwisho wa kundi la awali, alifariki Machi 2023, na bendi inaendelea. Je, ni bendi ile ile? Nimesikia mabishano ya swali hili yakivunja urafiki. Naona waliolijibu vizuri zaidi ni mashabiki wasiolijibu, wanaokwenda kwa sababu kila aliyesimama kando yao anayajua maneno.

Si kwamba kila kitu katika biashara hii ni cha kutoa machozi. Zipo bendi ambazo zimeaga mara nyingi kuliko mgeni asiyetaka kuondoka. Kiss walifanya ziara ya kuaga mwaka 2000 na 2001, wakarudi, wakaaga tena, na kufunga tarehe 2 Desemba 2023 Madison Square Garden. Tiketi za wazee hawa zinauzwa kwa bei ambayo kijana wa leo, aliye na umri tuliokuwa nao sisi tulipoanza, hawezi kuigusa, na kwa hiyo kumbukumbu mpya zinagawiwa kwa walio nazo tayari. Hilo linanikera kuliko nyimbo zilizoshushwa ufunguo.

Led Zeppelin walikwenda njia nyingine. Tarehe 10 Desemba 2007 walirudi kwa usiku mmoja tu, pale pale O2, kwa heshima ya marehemu Ahmet Ertegun, mwanzilishi mwenza wa kampuni ya rekodi ya Atlantic, Jason Bonham akikalia dramu za baba yake. Iliripotiwa kwamba maombi ya tiketi yalifika milioni 20, ilhali ukumbi ule huchukua takribani watu 20,000. Onyesho lilikuwa limeahirishwa kwa sababu mpiga gitaa wao Jimmy Page alivunjika kidole, na waliokuwa wamekwisha kukata tiketi za ndege walilazimika kuanza upya. Filamu yake ilitoka mwaka 2012. Kwa muda wa miaka mitano katikati, aliyetaka kujua usiku ule ulikuwaje alikuwa na vipande vya video vilivyotikisika na maneno ya waliokuwepo, na nadiriki kusema kwamba miaka ile mitano onyesho lilikuwa kubwa zaidi.

La mwisho ni la Birmingham. Tarehe 5 Julai 2025, Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath, akiugua ugonjwa wa neva wa Parkinson, aliimba katika uwanja wa Villa Park, kwenye mitaa ya Aston alikokulia, akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi cheusi. Wenzake watatu wa Black Sabbath ya mwanzo, Tony Iommi, Geezer Butler na Bill Ward, walikuwa naye jukwaani, wote wanne pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka ishirini. Siku 17 baadaye alifariki. Waliotoka uwanjani usiku ule walikuwa wakizungumza juu ya sauti yake, iliyopanda na kushuka, na juu ya mikono yake iliyojaribu kuinuka kutoka kwenye kiti. Walipohojiwa mwishoni mwa mwezi, baadhi yao walisema walijua tangu mwanzo kwamba anawaaga. Huenda walijua. Huenda tarehe 22 ndiyo iliyowajulisha tarehe 5. Ndiyo maana nasisitiza kwamba maelezo yachukuliwe mapema, na tarehe ya kuyachukua iandikwe.

Nimejifunza pia kutouliza kama onyesho lilikuwa zuri, kwa maana jibu hujulikana kabla. Nauliza uliingia kwa mlango gani, ulivaa nini, nani alikuzuia kuona. Mama mmoja alinijibu swali hilo la mwisho kwamba katika saa mbili zote hakuiona bendi hata kidogo. Alichokiona ni mgongo wa koti la jinzi la mwanamume mrefu, lenye nembo nne zilizoshonwa kwa mkono, mojawapo ikiwa imeanza kufumuka kona ya chini kushoto. Alinieleza rangi ya uzi. Alinieleza kwamba wimbo wa polepole ulipoanza, yule mwanamume aligeuka, akamwona jinsi alivyo mfupi, akamwinua bila kusema neno, na kwa muda wa ubeti mmoja aliliona jukwaa lote, kisha akashushwa chini. Nilimuuliza ulikuwa wimbo gani. Akafikiri kwa muda mrefu, akasema hakumbuki.

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Kinasa sauti changu kipo pale mezani karibu na mlango, kimeshawashwa, na kando yake nimeweka karatasi kwa ajili ya wanaopendelea kuandika. Anayetaka kusema alikuwepo, aanze na tarehe ya leo.